Theluji Isiyeyuke Kabla Sijafika

Mtaa wa Mkomani,
Amu.
2 Julai 1955, Mfunguo Pili.

Mpendwa dada yangu Hadia,

Salamu zitangulie, maana ni nyepesi, na habari zifuate nyuma kwa uzito wake. Assalaam alaikum wewe na wote walio chini ya dari yako. U hali gani? Goti la shemeji Abdulqadir limepoa, au bado analisingizia kila akitumwa sokoni? Na mwanao Umi, kile kikohozi kimemwacha? Sisi huku wazima wa mwili, tunakula na kulala, na kwa hilo twamshukuru Mungu.

Barua yako ilifika mimi sipo. Mke wangu Rahima aliniwekea, nami nimeisoma mara nyingi tangu nirudi. Umenikasirikia, na una haki. Umeuliza kwa nini mpaka leo ndugu yetu Jeilani hajafanyiwa matanga wala kusomewa hitima, kana kwamba hakuwa na kwao. Tena umeuliza nilikuwa wapi mimi, kaka yake, Ramadhani nzima mpaka baada ya Idi. Nitakujibu yote, lakini usinisome haraka kama kawaida yako.

Unajua kwamba Jeilani alikuwa mpishi wa wale Wazungu waliokuja kupima barafu ya Kilimanjaro. Mwezi wa Machi mvua iliwakuta huko juu, akashikwa na homa ya mapafu, akafa, na wapagazi wakamzika papo hapo. Ni hayo tu tuliyoletewa. Mama alipoambiwa aliuliza swali moja, ni nani aliyemwosha. Katika msafara ule Mwislamu alikuwa ni yeye Jeilani peke yake.

Basi unamjua mama yetu Bi Mwanamkisi. Majirani walikuja kuhani msiba, akawarudisha mlangoni. Aliwaambia, "Hapana matanga hapa. Mwanangu hayaoshwa, nami simlii mtu hayaoshwa." Wakaenda zao wakinong'ona kuwa akili imemruka. Akili haikumruka. Alipika, alifagia, alisali sala zake kwa wakati, na macho yake makavu. Nilitamani apige ukelele mmoja tu ambao mtaa mzima ungeusikia. Nyumba ilikuwa kimya hata sisi wengine tukaona haya kulia, na mimi Jeilani nimembeba mgongoni, dada, wewe ni shahidi.

Nilikwenda kwa khatibu. Alinijibu polepole, maana swali lenyewe hakulipenda. Alisema aliyezikwa bila kuoshwa hufukuliwa, akaoshwa na kuelekezwa kibla, maadamu mwili haujabadilika. Ukishabadilika, kumfukua ni kumvunjia heshima, aachiwe Mola wake. Kwetu pwani mtu hana haja hata ya kuuliza, kwa joto letu hili. Lakini Jeilani alilala kwenye theluji.

Mama alinifungia furushi: sanda, pamba, kafuri, na chupa ndogo ya marashi ya waridi. Hakuniambia nenda. Aliniwekea tu mlangoni.

Nikafika Mombasa, nikapanda gari la moshi mpaka Moshi, na huko kila niliyemuuliza alinicheka. Msimu wa mlima haujaanza, waliniambia, masika ndiyo kwanza yanakwisha, njia ni matope na juu theluji imeshuka hadi mahali ambapo kwa kawaida haifiki. Ngoja Agosti, njia itakauka, hata wanawake wa Kizungu hupanda. Dada, nani angenielewa? Kila mtu pale alikuwa akiomba jua litoke theluji ipungue, na mimi nilikuwa nikisali isiyeyuke kabla sijafika. Kila asubuhi yenye jua iliniuma moyo.

Aliyekubali kunichukua ni Bwana Mlay, Mchagga, mpagazi wa ule ule msafara. Ni yeye na wenzake waliomzika Jeilani. Ni mtu wa maneno machache, mvuta kiko, na alinitazama miguuni kabla hajanitazama usoni. Nilikuwa nimevaa makubadhi. Usicheke. Mtu wa Amu atajuaje viatu vya mlima?

Mara ya kwanza tulipita msitu tu. Ndani ya msitu ule mvua haianguki, inaning'inia. Matope yalinifika shavu la mguu, kubadhi moja likabaki humo na halijaonekana mpaka leo. Tulifika kibanda cha kwanza nikiwa natetemeka kama kuku aliyetoka kisimani, na kesho yake Mlay akanirudisha chini. Nilimkasirikia sana. Akaniambia mlima huu kwa mtu wa bahari hauendwi mzima, unaendwa vipande, ukipata kipande unashuka unapumzika, kifua kinajifunza, kisha unarudi kutafuta kipande kingine. Nikaona ni kama tulivyosoma chuoni, juzuu baada ya juzuu, na ukikosea unarudishwa mwanzo.

Mara ya pili nilikuwa na viatu vya kuazima na koti la marehemu baba yake Mlay. Tuliupita msitu, tukatoka kwenye majani mafupi na upepo, tukafika kibanda cha pili. Hapo kichwa kilinipasuka. Nilitapika hadi nikatapika maji matupu, na nikamwona Jeilani amekaa mlangoni akimenya vitunguu. Nilimwambia Mlay mwache amalize. Akanishusha akiwa amenishika mkono.

Idi nimeila Moshi, katika nyumba ya mtu wa Pangani aliyenikaribisha kwa ajili ya Mungu. Walinipa biriani, sikuweza kuimeza. Nje jua lilikuwa kali na mlima umejifunua wote, na nilipoutazama niliona weupe umepanda juu kidogo kuliko wiki iliyopita. Watoto walikuwa wakicheza na nguo mpya. Niliingia ndani nikalia, na nikamwambia mwenyeji wangu ni mafua.

Mara ya tatu nilimwambia Mlay sirudi mpaka nimemwona. Tulikwenda sisi wawili na mpagazi mmoja aliyebeba kuni kutoka msituni, maana huko juu hakuna hata kijiti. Baada ya kibanda cha pili kuna uwanda mtupu kati ya vilele viwili, Mawenzi na Kibo. Siwezi kukueleza uwanda ule, dada. Hakuna mti, ndege wala sauti. Theluji ilikuwa bado imelala, ya zamani, ngumu juu na laini chini, kila hatua unazama hadi gotini na ukungu unakufumba macho. Nilihesabu kwa tasbihi ili nisikae chini.

Kaburi lilikuwa kando ya jabali, rundo la mawe, na theluji imelifunika upande mmoja. Mlay alivua kofia. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayenipa zawadi, kwamba walimlaza uso wake kwenye Kibo, ndivyo wanavyowalaza wazee wao. Walimpa heshima kubwa waliyokuwa nayo, na sikuwa na neno la kumlaumu. Lakini kutoka pale Kibo ni magharibi. Ukungu ulipofunguka jua lilikuwa limetoka nyuma ya Mawenzi, nikajua kaskazini iko wapi, nikajua kuwa ndugu yangu amelala na kibla hakioni.

Nilipomwambia Mlay nataka kufungua, alirudi nyuma. Kwao kaburi haliguswi, aliyeligusa hujitafutia balaa yeye na wanawe. Tulisimama hapo kwenye baridi, kila mtu na dini yake, na yeye ana watoto sita. Sikumlazimisha. Nilianza kutoa mawe mwenyewe. Nilipofika jiwe kubwa nikashindwa, na hapo akaja, akalishika upande wa pili.

Walimfunga kwa turubai. Nilisema bismillahi nikafunua, na hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba nimechelewa.

Sikuchelewa. Dada, alikuwa ni Jeilani yule yule. Ndevu zake chache zile alizokuwa akizijivunia, kovu la kidevuni alipoanguka ngazini. Kope zilikuwa na unga mweupe, nikazifuta kwa kidole. Nilikaa naye kidogo. Nilimwita kwa jina lake, najua si jambo la mtu mzima, lakini nilimwita.

Tuliinua turubai kama pazia na Mlay akalishika, ametupa mgongo, asione uchi wa maiti wa watu. Kuni zilikuwa mbichi. Zilitoa moshi tu, na moto ukipatikana huko juu nao hauna nguvu, umechoka kama watu. Sufuria ya theluji ilifanya maji, basi, haikufanya zaidi. Kwa maji hayo nikamwosha. Nilitaka mara tatu kama inavyotakiwa. Ile ya kwanza, ya faradhi, niliikamilisha kutoka kichwani mpaka vidole vya miguu. Ya pili nilifika mabegani, mikono ikakataa, haikuwa yangu tena. Marashi yalikuwa yameganda chupani, nikayatia kwapani mpaka yakayeyuka, nikampaka.

Nikamvika sanda ya mama, nikamsalia. Nilikuwa imamu na maamuma mimi mwenyewe. Nyuma yangu Mlay na mpagazi wake walisimama wima mpaka nilipotoa salamu. Tukamlaza ubavu wa kulia, uso kaskazini, tukarudisha mawe. Nilimsomea Yasini, na ilipofika mwisho sikuweza kuondoka, Mlay akaniinua.

Utaniuliza kwa nini sikumshusha nikamleta kwetu azikwe pamoja na baba. Nililifikiria njia nzima. Lakini kila hatua ya kushuka ingekuwa hatua ya kuingia kwenye joto, na kutoka Moshi mpaka Amu ni safari ndefu. Nilimfikisha kwenye kibla. Zaidi ya hapo ningekuwa namharibu.

Kurudi sikumbuki sana. Nakumbuka Mlay alikataa kuchukua lile koti la baba yake, akasema nivae mpaka pwani. Pwani mtu na koti la sufu, nimechekwa kutoka Mombasa mpaka gatini.

Mama alinikuta barazani. Hakunisalimu, aliniingiza ndani akafunga mlango, akaniketisha kitandani kwake. Nilimweleza yote kwa utaratibu, kama nilivyokueleza wewe, ila zile kope na kule kumwita jina nilivificha. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila nikifika jambo la sheria: sanda, sala, ubavu wa kulia. Nikadhani amekwisha ridhika. Halafu akaniuliza, "Mai yalikuwa moto?"

Dada, sheria yenyewe hupendelea maji ya baridi kwa maiti, khatibu aliniambia. Ningeweza kumjibu hivyo. Ningeweza pia kumdanganya, na nadhani alikuwa tayari kudanganywa. Nilimwambia yalikuwa baridi, kuni zilikuwa mbichi.

Akasema, "Jeilani hakuyaweza mai ya baridi. Hata alipokuwa mtu mzima nalimpashia."

"Nipa mikono yako," akaniambia.

Nikampa. Ngozi imebambuka mpaka kwenye viganja, na vidole viwili vya kulia mpaka leo havijui moto wala baridi. Aliigeuza huku na huku, akaitazama kwa muda mrefu. Halafu akaikusanya yote miwili, akaiingiza ndani ya leso yake, akaikumbatia kifuani kama mtu anayetaka kupasha kitu moto, na hapo hapo akaanza kulia. Alilia kwa sauti ambayo sijaisikia tangu baba afe. Alimwita Jeilani, akaniita mimi, akaita majina yote mawili yakachanganyika. Majirani walisikia wakaja kubisha hodi, na ni Rahima aliyewafungulia, maana mama hakuniachia mikono.

Basi matanga tumekaa, na hitima ni Ijumaa ijayo baada ya Alasiri. Ukiweza kuja, njoo. Kama huwezi, msomee huko huko, atapata.

Nisalimie shemeji Abdulqadir na umwambie simtanii tena juu ya goti, sasa nami ni kilema mwenzake. Umi na Jaafar wabusu vipaji vya uso kwa niaba ya mjomba wao. Ami Famau wa Shela anakusalimu, na Rahima anakusalimu, na mama anakusalimu na kukuombea usiku na mchana. Mungu akulinde na kila baya, akutimizie mema ya nia yako, na atukutanishe tungali hai.

Mimi ndugu yako, nikupendaye bila kupungua,

Badawi