Kwa Nini Betram Hakuingia Timu ya Nyota

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila sijazoea kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia, na sitaanza leo kwa sababu tu umelala kaburini. Ninakuandikia nikiwa dukani, kwenye kiti chako. Mashine ya fotokopi iko kimya, umeme umekatika tangu asubuhi, na wateja wamechungulia wakaenda zao. Nina muda, na nina taarifa ambayo nataka uipate kwangu kabla hujaipata kwa mwingine.

Kwanza za nyumbani. Mama ni mzima. Ameanza tena kugombana na jirani kuhusu mbuzi, kwa hiyo jua anaendelea vizuri. Kahawa ya juu tumeichuma, ya bondeni bado. Yale mashimo ya ngoro ya kukinga maji ya mvua uliyoyaacha nusu kwenye mteremko tumeyamalizia na mdogo wako, Baba mdogo Kasian, aliyekuja kutoka Litumbandyosi na jembe lake mwenyewe kwa kuwa haya yetu anayaita vijiko. Maharage yameota.

Sasa ligi. Siku ya kumaliza matanga, ukoo ulikaa kugawa vitu vyako. Koti likaenda kwa Baba mdogo. Redio ikaenda Mbamba Bay kwa Mjomba Oswin, ingawa ni wa upande wa Mama, kwa sababu ndiye uliyekuwa unaisikiliza naye. Watu walipoanza kusimama, Baba mdogo akauliza, "Na ligi je?" Wazee wakatazamana. Nadhani walifikiri ni shamba ambalo uliwaficha. Ikabidi nieleze mbele ya watu wazima kwamba marehemu alikuwa na ligi ya mpira wa kikapu ndani ya kompyuta, timu nne za mlimani na nne za ziwani, kila timu na mwenyewe, wachezaji wote wa kutunga, na kompyuta ndiyo inayowachezesha. Mzee mmoja akauliza kama hao wachezaji wanakula. Nikamwambia hawali. Akasema basi apewe Leokadia, hawana gharama. Ndivyo nilivyopata ukamishna.

Sikuogopa, na sikudanganyi. Miaka yote nimekaa pembeni yako ukibonyeza, nikijua kila kitufe. Jumamosi ya kwanza baada ya matanga nilizichezesha mechi zote nne na nikatuma matokeo kwenye grupu kabla ya saa ya chakula. Mwalimu Hyasinta, mwenye timu ya Tingi, alilalamika kwamba taarifa zangu zimekauka kama matokeo ya mtihani. Ni kweli, wewe uliandika kama mtangazaji wa redio, mtu akisoma anasikia mpira ukidunda. Nimejifunza. Wiki iliyopita kondakta mmoja pale stendi, ambaye hata timu hana, aliniuliza kama ni kweli Tingi walipindua meza dakika ya mwisho. Nilimsimulia mpaka gari lake likajaa.

Lakini matokeo ni kazi ya kompyuta. Kazi ya Kamishna ni Timu za Nyota, wale watano bora wa mlimani na watano bora wa ziwani, wanaokutana mara moja kwa mwaka. Hapo ndipo pana shughuli.

Unakumbuka mwaka wa kwanza? Ulitaka uteuzi uwe kama sengu, kile kikao cha babu, watu wanakula sahani moja na hakuna anayenawa mikono mpaka neno limekwisha. Mama akapika, Mjomba akapanda na samaki wake wa mbasa kutoka ziwani. Na kwa kuwa tulikuwa tumekaa kwenye chakula, tukagawana nafasi kama tunavyogawana chakula, kila nyumba ipate, asiondoke mtu mikono mitupu. Kila mwenye timu akataja mmoja wake, na wote wakataja yule mrefu kuliko wenzake, maana nani atatoa mfupi wake mbele ya wageni? Nafasi ya tano mkapiga kura, ikaangukia mrefu mwingine. Tukapata timu mbili za watu wa kugusa dari, hata mmoja hajui kupandisha mpira. Kompyuta ikaandika mpira umepotea, mpira umepotea, mpira umepotea, ukurasa mzima. Mjomba akasema mashine imepata virusi. Wewe ulicheka mpaka ukaegemea ukuta. Mwaka uliofuata ukatangaza kwamba ugali tutaendelea kula wote, ila majina utakuja nayo mwenyewe, na wa kununa anune akiwa ameshiba.

Na kulikuwa na Betram. Ulipounda timu yako ya Mbinga ulijitia na wewe mwenyewe, jina lako, umri uliokuwa nao ulipokuwa unacheza kwenye kile kiwanja cha vumbi cha chuo, kabla goti halijakuharibikia. Mama mpaka leo anasema ulijiongezea urefu. Lakini mkono wa kushoto ulijiandikia ukweli, dhaifu, na kufunga kwa mbali ulijipa kiduchu. Ulichojipa kwa wingi ni jicho la pasi. Akawa mchezesha timu ambaye ligi nzima haikuwa naye mwingine, na hukumweka kwenye Nyota hata mara moja. Baba mdogo alikupigia kelele. Mjomba alisema unajifanya mtakatifu. Jibu lako halikubadilika: "Anayechagua ni mimi, kwa hiyo mimi nakaa nje." Mimi pia iliniudhi, ila sikukuambia kwa kuwa ulikuwa baba yangu na ulikuwa umeshafunga mdomo.

Wachezaji wa programu ile wanazeeka, unalijua hilo kuliko mimi. Betram mwaka huu ni mzee wa timu. Pasi bado anaziona, ila miguu inachelewa, na wale vijana wa ziwani wanamnyang'anya mpira mikononi. Wakati huohuo kijana wa timu ya Baba mdogo, yule anayeitwa Sindano, amekomaa. Unajua Baba mdogo alivyomlea Sindano. Misimu yote alikuwa akinipigia simu kuuliza kama Kamishna amemwona. Mwaka huu nilimwona, Baba. Yeye ndiye mchezesha timu bora wa mlimani, na wala hakuna anayemkaribia.

Grupu walikuwa wameshaamua kabla sijafungua kinywa. Baba mdogo aliandika kwamba Betram aanze, na Sindano wake atampisha kaka. Soma tena hapo: yeye mwenyewe, aliyesubiri nafasi ile muda wote, ndiye aliyeitoa. Mjomba akaandika ziwani wanaunga mkono. Mwalimu Hyasinta akaandika maneno mazuri sana mpaka nikaweka simu chini, nikaenda kusimama nje ya duka. Nililia, ndiyo. Kisha nikarudi ndani, nikafungua takwimu, nikazisoma tena kuanzia juu. Betram hakustahili.

Nilipowaambia kwamba majina nitayatoa mwenyewe kama ulivyofanya wewe, Baba mdogo akanipigia. Hakupandisha sauti, na unajua anapokuwa hapandishi sauti ndipo mambo yameharibika. Alisema kama Betram hayumo, anaitoa timu ya Litumbandyosi. Kabla ya jioni Mjomba naye akasema Mbamba Bay haiwezi kucheza na watu waliomwacha shemeji yake benchi. Hesabu ni rahisi. Hao wawili wakitoka, wengine wanafuata, na ligi uliyoijenga inafia mikononi mwangu kabla sijamaliza hata msimu mmoja.

Nikawaita kula. Jumapili baada ya misa walikuja wote, Baba mdogo akiwa ndani ya koti lako, na sijui kama alilivaa makusudi. Mjomba alileta mbasa ingawa amenuna. Mwalimu Hyasinta alifika na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Mama alisonga ugali, mimi nikapika samaki, nikawawekea sahani moja kubwa katikati. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Tulipokuwa tumeanza kula nikataja majina. Nilianza na ziwani, watano, wakaitikia kwa kichwa. Nikaja mlimani. Nilipofika kwa mchezesha timu nikasema Sindano wa Litumbandyosi, na nikaendelea hadi wa mwisho bila kupunguza mwendo, kwa sababu nilijua nikisimama hapo sitamaliza. Baba mdogo alirudisha tonge kwenye sahani. Akaniuliza, taratibu, "Mwanangu, kaka yangu umemwacha nje?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya heshima, yakapotea yote. Nikamwambia, "Baba mdogo, kaka yako tumemzika mimi na wewe. Huyu ni mchezaji wa Mbinga, na mwaka huu hakucheza vizuri." Hata mimi niliposikia maneno hayo yametoka niliona ni makali. Lakini sikuyarudisha. Nikaongeza kwamba nafasi si chakula cha msiba, kwamba mwaka ule wa kwanza tuligawana kwa upendo na tukapata timu isiyojua kupandisha mpira, na kwamba Sindano ameitafuta nafasi hii kwa jasho la kompyuta. Mwalimu Hyasinta akainama ili asicheke.

Aliyemaliza neno ni Mama. Wewe unajua hana timu na hajawahi kuitaka, anaiita ligi yetu mchezo wa watu waliokosa kazi. Alikuwa anachambua mfupa wa samaki, hakuinua hata uso. Akasema, "Alipokuwa hodari alijiacha nje. Mnataka aingie sasa, akiwa amechoka, ili kila mtu aone?"

Baba mdogo alijifuta macho kwa mkono wa koti lako, akachukua lile tonge, akalichovya, akala. Baadaye akauliza kama Sindano ataanza au ataingia kipindi cha pili. Nikamwambia ataanza. Akasema vizuri, maana akikaa benchi huwa anapoa. Mjomba akasema kijana asubiri, ziwani wamemwandalia. Hapo ndipo tulipoanza kula kweli, na mwishoni tukanawa mikono pamoja.

Mechi tuliichezesha hapa dukani, wote tumejazana nyuma yangu, na waliokuja kutoa kopi wakasimama wakatazama na wao. Ziwani walishinda kwa kikapu kimoja. Mpira wa mwisho alikuwa nao Sindano, na akaupoteza. Sikufichi. Mjomba, Mungu ambariki, hakushangilia, alikohoa tu. Baba mdogo akasema kwa sauti ndogo kwamba Betram angetoa pasi. Pengine. Lakini nisingebadilisha jina hata moja, na nilimwambia hivyo, na akaniambia anajua. Timu zote nane bado zimo.

Kuna jambo moja la mwisho. Siku iliyofuata Baba mdogo alinipigia tena, akiwa na sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Aliuliza kama ni kweli Kamishna anaweza kuingia ndani ya programu na kubadilisha umri wa mchezaji. Nikamwambia ni kweli. Akasema basi, si umrudishe Betram awe kijana, tuwe tunamwona tu, hata asipochaguliwa popote. Nilimwambia nitafikiri.

Niliifungua programu. Jina lako, timu yako, kisanduku cha umri, na kile kialama kinapepesa kikisubiri niandike namba. Ningeandika umri wowote, na angecheza mpaka mimi mwenyewe nizeeke, kila Jumamosi jina la Betram kwenye matokeo. Nilitaka, Baba. Nimekukumbuka kiasi kwamba nilitaka hata hicho kidogo. Nilikaa pale mpaka mteja akagonga kaunta akitaka kopi ya cheti cha ubatizo.

Sikubadilisha. Na sababu nitamweleza Baba mdogo akija kuvuna, nadhani ataielewa. Wewe presha ilikuchukua ukiwa bado una nguvu za kuchimba ngoro. Hukupata kuwa mzee aliyekaa kibarazani akilalamikia magoti, na mimi nilikuwa nimejiandaa kukusikiliza. Betram anaipata nafasi hiyo. Amebakiza msimu mmoja, labda miwili, kisha mashine itaandika mbele ya jina lake kwamba amestaafu, kwa sababu ya umri tu, bila ugonjwa na bila msiba. Siwezi kumnyang'anya kitu ambacho wewe ulinyimwa.

Kwa hiyo lala, Baba yangu, usiwe na wasiwasi na ligi. Ninakuahidi hakuna mkono utakaogusa umri wake nikiwa mimi ndiye Kamishna. Nitamwacha azeeke mpaka mwisho, na nitakuwepo kumwona.

Mwanao,
Leokadia