Waraka wa Marafiki wa Kiguu-na-Njia

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu tele kutoka nyumbani. Mimi mzima, isipokuwa mikono: inatetemeka mpaka chai inafika sahanini kabla ya mdomoni. Wewe je? Unakula chakula, au bado unakula vitabu?

Nimekutilia humu waraka wetu mpya. Tangu nistaafu kufundisha nimekuwa nikiwaunganisha wote wanaomsoma Kiguu-na-njia wetu, msafiri wa karne ya kumi na tatu asiyejua kukaa kitako. Kila mmoja ananitumia sentensi moja ya anachokifanya, naikata kwa mkasi, naibandika kwa gundi, napeleka kutoa nakala, naposti. Kompyuta usinitajie.

Lakini huu ndio wa mwisho, mwanangu. Mkono wa mkasi umegoma.

Shangazi yako

20 Februari

Shangazi, shikamoo.

Pole na mikono. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Shangazi, umenifanya nini?

Ukurasa wa pili umeibandika sentensi yangu na ya Profesa Miwani kama kitu kimoja: “Natafuta sura ya mwisho ya safari, iliyopotea. Bado nipo, bado nasoma.” Chini yake majina yote mawili! Sasa wenzetu wananipongeza kwa kufanya kazi na mzee huyo. Huyo huyo aliyeandika kuhusu makala yangu ya kwanza kwamba karatasi ilikuwa nzuri, bahati mbaya ikaandikwa juu yake. Ataniona kupe.

Na sura yenyewe sijaipata. Maktaba ya hapa ina nakala pekee ya kale, na kurasa za mwisho zililiwa na unyevu zamani. Msimamizi wangu kasema bila sura hiyo tasnifu haisimami. Nisipoipata kufikia Desemba, nafunga virago narudi nyumbani.

Mwana wa kaka yako

9 Machi

Mwanangu,

Hatujambo, na tunakuombea. Gundi ilimwagika, vikaratasi vikashikana, nami macho yangu si ya jana. Kuteleza si kuanguka. Hata hivyo nimecheka mpaka baba yako akaja kuuliza kulikoni. Nimewaoza bila mahari!

Mwandikie Profesa umwombe radhi kwa niaba yangu. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni.

Shangazi

2 Juni

Mwanangu,

U hali gani? Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi ule mshindo naungoja huku nimeziba masikio. Kama umenikasirikia, nikasirikie kwa maandishi.

Shangazi yako yule yule

27 Agosti

Shangazi wangu, shikamoo, na shikamoo tena.

Nisamehe kwa kimya. Nilikuwa nimenuna, kisha nikawa na kazi, na kazi yenyewe ndiyo habari.

Kununa kuliponichosha, nilimwandikia. Akajibu kwa mstari mmoja: njoo Jumamosi. Nilipanda ngazi zake, nikabisha hodi. Akafungua mlango, miwani moja machoni, nyingine kipajini.

“Wewe ndiye mwenzangu?” akauliza.

“Ni gundi, Profesa,” nikasema.

Alicheka hadi ile ya kipajini ikaanguka. Mezani alikuwa amepanga barua za pongezi, kila moja katika bahasha yake. Alisema ilikuwa miaka mtu hajamwandikia, ila waraka wako tu.

Shangazi, sura ya mwisho anayo! Aliinakili kwa mkono alipokuwa mwanafunzi, kabla unyevu haujaila, pamoja na sura mbili zinazotangulia. Hizo mbili tumezilinganisha na kitabu cha maktaba, neno kwa neno, hajakosea hata moja. Msimamizi amekubali. Tasnifu imesimama!

“Mbona hukusema?” nikamuuliza.

“Hakuna aliyeniuliza. Watu wananiogopa, sijui kwa nini.”

“Labda ni yale unayoyaandika.”

“Labda,” akasema, akanimiminia chai.

Sasa sikiliza. Tulidhani Kiguu-na-njia anamalizia kwa kumshukuru mfalme. Wapi! Anamshukuru mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, aliyekuwa akipokea habari za kila msafiri na kumpa anayefuata. Anasema hivi: “Bila yeye kila mmoja wetu angedhani njia ile anaipita peke yake.” Nilipousoma mstari huo kwa sauti, Profesa alivua miwani akaifuta, nami nikakukumbuka wewe na mkasi wako, nikalia. Asante, Shangazi. Asante kwa gundi, na kwa miaka yote kabla ya gundi.

Waraka haufi. Tutauandaa sisi wawili mezani kwake, tukigombana: yeye anashika mkasi, mimi gundi, maana haniruhusu kugusa mkasi. Ila tuna sharti moja. Miaka yote umebandika sentensi za watu, yako hatujawahi kuiona. Tuletee.

Mwanao

15 Septemba

Wanangu wawili, mmoja mzee kunizidi,

Nimepokea barua yenu na nakala ya sura, na hapa mlangoni nimeshukuru kwa sauti hadi jirani akaitikia amina. Mniwie radhi kwa mwandiko, mkono ni ule ule. Sentensi yangu hii hapa, ikateni vizuri:

“Shangazi mtu: anaisoma sura ya mwisho, polepole, na hayuko peke yake.”