Spoku Uliyoifunga Mwenyewe

Mpendwa Baba Afeku,

Sijui barua ya mtu aliyekufa hutumwa wapi, kwa hiyo naiandika hapa mezani, kando ya cherehani, na atakayeiona aisome. Tuko mwezi wa nane, mwaka wa sabini na nane. Mvua imenyesha hapa Awindiri tangu asubuhi na hakuna mteja aliyeleta kitambaa. Mimi mzima, binti yako mzima, cherehani nayo nzima. Ukiniuliza habari za moyo, nitakuambia umekaa kimya, na umekaa hivyo tangu siku ya kukuzika.

Nakumbuka siku ulipoileta ile pikipiki nyumbani. Mhindi mwenye duka la pikipiki alikuwa bado yuko Arua, na karakana yake ya nyuma ya duka ilinuka sabuni kuliko mafuta. Wewe ulikuwa bwana shamba wa tumbaku kule Koboko. Ulikaa huko wiki nzima ukanirudia Jumamosi, juu ya lori, umejaa vumbi mpaka kwenye kope. Siku hiyo ukaja na chombo chako mwenyewe. Uliizunguka nyumba bila sababu yoyote, ukazunguka tena, kuku wakakimbilia kwa jirani. Mama yako alikuwa amekuja kutoka kwenu Ayivu. Akaishika taa ya mbele, akauliza kama mnyama huyu anakula nyasi. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Miaka ile ya mwanzo hukuigusa hata skrubu. Ikikohoa kidogo tu, ulikimbia nayo karakanani. Ukirudi ni Fundi Kambale amesema hivi, Fundi Kambale amesema vile, mpaka nikakuuliza kama nikupikie wewe au nimpikie Kambale. Alikuwa Mkongo, mwembamba, mwenye maringo, na alikuwa na mazoea ya kusikiliza injini huku amefumba macho. Mimi nilimwona anajidai. Wewe ulimwona daktari.

Halafu Wahindi wakaambiwa waondoke, na duka likapewa mtu mwenye bunduki ambaye hakujua tofauti ya plagi na kizibo cha soda. Kambale alibakizwa kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeijua kazi. Vipuri vikaisha. Siku moja uliiacha pikipiki pale asubuhi, ukaichukua jioni, na kabla hujafika nyumbani ukagundua kwamba taa si yako. Yako ilikuwa mpya, hii ilikuwa na ufa na mwanga wa kibatari. Ulirudi ukagombana nao. Tajiri mpya alikuonyesha mlango, na Kambale akainamisha kichwa. Labda aliiba yeye, labda aliamriwa. Mpaka leo sijui, wala sijamuuliza.

Tangu siku hiyo ukawa fundi.

"Mkono wangu haujaniibia hata siku moja," uliniambia, ukatandika gunia barazani, ukafungua kila kilichofunguka. Jumamosi ilikuwa siku yangu ya kufua, ikawa siku ya nati. Mafuta ya cherehani yangu yalianza kupungua nikiwa sijashona. Nilipokuuliza, ulisema cherehani na pikipiki ni ndugu, na ndugu hawanyimani. Yalipokosekana kabisa mjini, ukapaka cheni mafuta ya ufuta niliyokuwa nimeyaweka ya kupikia. Wiki ile ulipopita barabarani watu walisikia njaa. Jirani yetu aliuliza kwa sauti kama leo Baba Afeku anaendesha pikipiki au kikaango.

Na kusema haki, ulijifunza. Iliwaka kila ulipoitaka iwake. Nilikaa nawe pale barazani nikiwa nimekushikia nati kwenye kiganja, na ukisema "ndogo" nilijua ndogo ipi. Tulikuwa hatuzungumzi sana. Zilikuwa Jumamosi nzuri, na nilikuwa na furaha, hilo nalijua. Nazikumbuka zote, ila siku hizi nazikumbuka bila kuhisi kitu, kama habari za mke wa mtu mwingine.

Kisha kikapotea kile kibanio kidogo kinachofunga kiungo cha cheni. Kilidondoka mahali fulani kati ya Koboko na Arua, nawe ulifika unaisukuma, jasho linakutoka, lakini unapiga mluzi. Ulichukua koleo, ukachomoa spoku moja kwenye baiskeli yangu, ukaniambia gurudumu lina nyingi. Ukaikata, ukaikunja, ukaifunga kwenye kiungo. Hivyo ndivyo watu wote wa Ayivu wanavyofunga cheni za baiskeli, tangu enzi za baba zetu, na hakuna aliyewahi kufa. Nilikuuliza kama itashika. "Cheni ni cheni," ukasema.

Siku iliyofuata tulikutana na Kambale sokoni. Aliinama bila hata kutusalimu vizuri, akatazama gurudumu la nyuma.

"Muzee, ile spoku ni ya kinga, haiko ya pikipiki," alisema. Kwao baiskeli huiita kinga. "Hii inavuta sana. Kwa mulima itakatika. Leta kwa mimi, nitatafuta ile yenyewe Bunia."

"Ukishaipata Bunia, utaniachia hata gurudumu?" ukamjibu.

Watu walicheka. Kambale hakucheka. Alinitazama mimi, akasema, "Mama, mwambie muzee." Nilikuambia tulipofika nyumbani. Nilikuambia tena ukiwa unakula. Ulinuna, ukasema unaona sasa mke wako amekuwa wakala wa duka, na mimi nikanuna pia. Asubuhi ya Jumatatu uliondoka kwenda Koboko. Uliniaga kawaida tu, kwa kichwa.

Wanawake waliokuwa wakipalilia mtama kando ya barabara ndio walioona. Walisema uliteremka ule mlima ulio kabla ya daraja, cheni ikakatika, ikajisokota, gurudumu la nyuma likakaba, na wewe ukaenda mbele bila pikipiki. Walikukuta umeshakwenda. Lori lililotoka Koboko lilikuleta mpaka Ayivu kwa mama yako, na dereva, kwa wema wake, akaileta pikipiki pia. Niliikuta imelazwa uani kabla sijakukuta wewe. Kiungo kilikuwa wazi na kipande cha spoku kilikuwa bado kimeng'ang'ania ndani. Niliitazama nikaitambua. Watu wakanishika mikono wakidhani nitaanguka, nami nikawaacha wanishike.

Sasa nikueleze yale ambayo hukuyaona, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Wajomba zako walikuja kutoka Ajia, wakakaa upande wao, hawakugusa maji. Desturi unaijua kuliko mimi: mtu wetu hafukiwi udongo mpaka wajomba zake waambiwe waziwazi amekufaje, nao waseme wamesikia. Wasiporidhika, jeneza linakaa shimoni na ugomvi unaanza. Aliyesimama kuwaeleza alikuwa kaka yako mkubwa, Ondoma. Aliishika ile cheni juu, kila mtu aione.

"Mtoto wenu hakuuawa na barabara," alisema. "Ameuawa na yule Mkongo wa dukani. Alimwibia taa, wakagombana, na sasa amemfungia kifo kwenye cheni."

Sikumlaumu Ondoma. Aliamini anachosema. Wewe mwenyewe ulikuwa umelisambaza neno hilo kutoka Awindiri mpaka Koboko, kwamba pale dukani ni wezi na wauaji, na hukumwambia mtu hata mmoja kwamba ile spoku ilikuwa kazi yako. Wajomba walianza kunguruma. Ndipo yule sajini, rafiki yako wa Koboko, aliyekuwa amekuja na gari la jeshi na mchele wa matanga, akainuka nusu kwenye kiti.

"Leta jina tu," alisema. "Hii maneno itaisha kesho asubuhi."

Hapakuwa na mtu pale asiyejua ingeishaje. Mtu alikuwa akitajwa jioni, na asubuhi mkewe anazunguka kambini akiuliza, anaambiwa hajaonekana. Ondoma alifungua mdomo kusema jina.

Nilisimama. Mke hasemi mbele ya wajomba, nalijua hilo, na usinisifu kwamba nilikuwa na ujasiri. Ujasiri ni wa mtu mwenye hofu. Mimi nilikuwa sihisi chochote. Nilisema kwa Kilugbara, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili sajini asikie:

"Spoku hii imetoka kwenye baiskeli yangu. Aliichomoa yeye, akaifunga yeye, nikiwa nimekaa karibu naye. Kambale alimkataza sokoni, mbele za watu, na mume wangu akakataa."

Ningeweza kuishia hapo. Lakini wajomba walikuwa bado wananitazama, na sajini hakuwa amekaa bado, alikuwa anasubiri jina. Nikampa jina. Nilitamka lako, lote, la ubatizo na la nyumbani, nikasema huyu ndiye aliyeifunga cheni, na alikosea.

Mjomba wako mkubwa akauliza kama nina hakika. Nikamwambia baiskeli iko nyumbani, waende wakahesabu. Akatazama chini, kisha akasema, "Tumesikia." Vijana wakaanza kushusha udongo. Sajini alivaa kofia yake akaondoka bila kula.

Mama yako alinijia jioni ile, macho yamevimba. "Mwanangu hakuwa mjinga," aliniambia. Sijamjibu mpaka leo. Ningetaka kumwambia kwamba najua hukuwa mjinga. Ulikuwa mtu aliyewahi kuibiwa taa. Akaenda zake. Wake za ndugu zako walisema macho yangu ni makavu, kwamba mwanamke asiyemlilia mumewe alikuwa anasubiri kufiwa. Ndugu zako hakuna aliyetaka kunirithi, na hilo, Baba Afeku, nitakwambia ukweli, lilinipa nafuu. Ondoma aliichukua pikipiki. Sikuidai. Nikamfunga Afeku mgongoni nikarudi Awindiri kushona.

Kambale alishaacha lile duka. Ana kibanda chake cha mabati karibu na soko, na watu wanampelekea pikipiki, wengine wanasimama hapo hapo wakimchunga mikono mpaka amalize. Sijui ni nani aliyemsimulia yaliyotokea matangani. Hajawahi kunishukuru kwa mdomo na sitaki anishukuru. Akiniona barabarani anashuka kwenye baiskeli, anasimama mpaka nipite. Ameanza kunenepa. Maringo yake bado anayo.

Wanaume wanaoleta suruali zao kushonwa hubishana hapa dukani kwangu, kama ni heri mtu ajitengenezee pikipiki yake au ampe fundi wa duka. Wakinitazama hubadili mazungumzo, maana wanakumbuka mimi ni mjane wa nani. Fundi wa duka alikuibia taa, au alinyamaza ikiibwa. Mkono wako haukukuibia kitu. Ulikuua tu.

Binti yako sasa ana umri wa kuuliza. Kuna mtoto shuleni alimwambia Afeku kwamba baba yake alijiua kwa spoku. Nilimwambia hapana, baba yako alikuwa akijitengenezea pikipiki yake, na alikuwa hodari, na siku moja alikosea. Alifikiri kidogo, akauliza kama aende kucheza. Nikamruhusu.

Siombi unisamehe. Nimelipindua jambo hili kila upande na sioni ningefanya nini kingine. Jina lako lingeweza kubaki safi pale Ayivu, na mtu mmoja angetoweka. Ungekuwa hai ungenuna, ungenuna sana, kisha ungeketi ule. Na nadhani, ukishashiba, ungesema nilifanya vyema. Sina hakika. Nilikuwa na wewe miaka michache tu.

Linalonisumbua ni lingine. Sijakulilia. Machozi yakikaribia, naisikia sauti yangu pale kaburini, kavu, inataja jina lako lote mbele ya wajomba, na yanarudi yalikotoka. Naogopa kwamba siku ile nilikuwa na sauti moja tu ya kutoa. Ilikuwa yako kwa haki, ya kukulilia, nami nikaitoa kwa ajili ya Kambale.

Basi lala, Baba Afeku. Siku machozi yatakapokuja, mchana au usiku, nitakuja Ayivu kwa miguu niyamwage hapo ulipo, na mama yako akitaka kunifukuza, anifukuze nikiwa nalia.

Mkeo,
Mama Afeku