Mvumo Ulitoka Chumbani Kwangu

Kwako Baba yangu,

Jumamosi iliyopita nilishuka bondeni kwa Zaina. Habari niliyompelekea ilikuwa haki yako kuisikia kwanza, nami niliichelewesha mpaka ukaondoka duniani. Sasa naiandika mbele ya watu wote, kwa sababu mbele ya watu wote ndiko ulikoaibika.

Watakaosoma hapa wengi hawakukujua, kwa hiyo nianze na kazi yako. Nyumba yetu iko kwenye kilima juu ya Mlola, mahali ambapo redio ya mawasiliano inaipata zahanati ya bondeni na pia hospitali iliyoko upande wa Lushoto. Zenyewe kwa zenyewe hazisikilizani, mlima umesimama katikati. Ndiyo maana walikuwekea redio sebuleni, ukawa unapokea maneno huku na kuyapeleka kule: mgonjwa yupo hivi, gari lije, gari lisije. Simu za mkononi zilipoingia watu walidhani kazi yako imekwisha. Lakini masika yakipiga siku tatu mfululizo mnara ulikuwa unazimika, na wote wanarudi kwako.

Nakukumbuka ukisikiliza, umeinamisha kichwa, macho umeyafumba, kidole kiko juu ya kitufe. Mikwaruzo ikizidi mimi nilikimbilia kuongeza sauti, nawe ukanishika mkono.

"Ukiongeza sauti unaiongeza na kelele. Tafuta inakotoka."

Kisha ulichukua redio yako ndogo ya betri, ukazunguka nayo nyumba nzima ukiigeuzageuza, ukifuata mahali inapokoroma zaidi. Ndivyo ulivyokigundua kiungo cha antena kilicholiwa na kutu. Mara nyingine ulifika hadi kwenye mashine ya kusaga ya jirani, ukamwomba akaze waya uliolegea. Kiangazi ulimwagia maji ya chumvi pale ulipochimbia chuma cha ethi, kile cha kushushia umeme ardhini, udongo usikauke, na Mama akalalamika kwamba hata mboga sasa anapika chapwa.

Nilikuwa mtu mzima, fundi simu, nilipoleta sola nyumbani. Chumba changu cha uani nikakigeuza mahali pa kuchajia simu za kijiji, na inveta, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kuchajia, nikaifunga ukutani. Ulifurahi. Uliwaambia wenzako msikitini kwamba mwanao amekuletea umeme.

Wiki ile ile redio ikaanza kuvuma. Haukuwa mkwaruzo wa radi unaokuja na kupita. Ulikuwa mvumo mmoja usiokatika, kama nyuki ndani ya debe. Ulibadilisha kebo. Ulihamisha antena kutoka juu ya bati ukaipeleka kwenye mkaratusi. Mvumo haukupungua. Ndipo siku moja ukasimama mlangoni kwangu na ile redio ndogo mkononi, inanguruma.

"Zima vitu vyako kidogo, mwanangu, nisikilize."

Nilikuwa na simu nyingi za watu kwenye chaji, na wenyewe wangezifuata mchana. Nikazima taa tu, inveta nikaiacha.

"Umezima?"

"Nimezima, Baba."

Ulisikiliza. Redio ilikuwa inanguruma vile vile. "Basi si huku," ukasema, ukaenda kutafuta kwa jirani. Redio ilikuambia kweli, mimi nikakuambia uongo, nawe ukaniamini mimi.

Siku chache baadaye mvua iliuzima mnara na kuporomosha barabara. Zaina alikuwa zahanati, uchungu wa mimba yake ya kwanza umemshika, na damu inamtoka. Muuguzi alianza kukuita saa mbili asubuhi. Ulikuwa kwenye kiti chako, nilikuona kwa macho yangu, sikio umelibandika kwenye spika. "Rudia. Rudia, sikupati." Uliambulia neno hapa na neno pale, usiweze kuyaunga. Saa sita akaingia Hoza, mume wa Zaina, kwa miguu, matope yamempanda hadi mapajani. Alikuja kuuliza kwa nini hujibu.

Ulipeleka ujumbe hospitali papo hapo. Wao walikuwa wanakusikia, wewe ndiye uliyekuwa husikii. Gari lilikuja mpaka kwenye maporomoko, wakamvusha Zaina kwa machela. Yeye alipona. Mtoto alikuwa ameshakufa.

Kwenye kikao cha kijiji ulisimama, ukavua kofia. "Nilikuwa kwenye redio. Sikusikia. Kosa ni langu." Mimi nilikaa benchi la nyuma, sikufungua mdomo. Redio ikachukuliwa siku ile ile, akapewa mtu mwingine. Kesho yake niling'oa inveta nikaipandisha darini, nikakuambia imeungua.

"Haya," ukasema.

Mpaka leo sijui kama ulijua. Uliishi miaka miwili baada ya hapo, tukila sinia moja, na kila siku niliahidi moyoni kwamba nitakuambia kesho.

Nilijidanganya kwamba pengine haikuwa inveta. Mwezi uliopita niliitwa kwenye kituo kimoja cha afya Magoma, redio yao inavuma. Nilifanya ulivyonifundisha. Nikaiacha redio kwenye betri yake, nikamwomba muuguzi azime kila kitu. Kukawa kimya. Tukawasha kimoja kimoja: friji, kimya, taa, kimya, inveta, nyuki wakarudi. Basi hata kwetu ilikuwa inveta. Ile yao niliihamishia chumba cha mwisho, nyaya zake nikazifupisha na kuzivika zile pete nyeusi za kunyonya kelele, antena nikaisogeza mbali na jengo. Muuguzi alipoita akajibiwa, "Nakupata vizuri sana." Alinishukuru, nami sikuweza kumtazama usoni.

Ndipo nikaenda kwa Zaina. Nilimkuta mtoni anaosha karoti za soko. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, taa niliyozima na inveta niliyoiacha. Alipomaliza fungu lile akauliza, "Baba yako alijua?"

"Sijui."

Akakaa juu ya jiwe, mikono inachuruzika maji.

"Tulikutana mara nyingi njia ya sokoni," akasema. "Yeye alisimama kila mara. Mimi nilipita kama napita mti. Mzee wa umri wa baba yangu, sikumwamkia hata siku moja, mpaka anazikwa."

Nilimwomba msamaha. Alitikisa kichwa.

"Wewe sijui nikuambie nini. Niache kwanza. Nionyeshe alipolala."

Ningependa kukuambia kwamba nimepata nafuu, Baba. Sijapata. Nilidhani nakwenda kuutua mzigo wangu, kumbe nimemtwika na yeye wa kwake. Hata hivyo sijutii kusema. Najutia miaka miwili ya "kesho", wakati wewe ulikuwa hatua tatu kutoka kitandani kwangu. Nisamehe, kama huko uliko mambo haya yanafika.

Jana asubuhi Zaina alipanda kilima na Hoza. Nikawapeleka nyuma ya migomba. Alivua ndala pembeni, akasogea kaburini, akapiga goti kama mwanamke wa kwetu anavyopiga mbele ya mkubwa wake.

"Shikamoo, baba," akasema.

Akabaki ameinama, muda ule ambao mtu husubiri kuitikiwa. Hoza alinitazama. Nilitaka kuitikia kwa niaba yako, nikaona marahaba hiyo si yangu kuitoa.

Mungu akuangazie ulipo.

Mimi mwanao wa kwanza