Mapunye Yametoka Chato?

Baba Mihayo,

Ugali nimeufunika, mtindi uko kwenye kibuyu. Nimempeleka Mihayo zahanati. Kofia yake ichemshe, na wembe uliomnyolea utupe.

Leo asubuhi mama yako kamtengea mtoto sahani yake peke yake, akatangaza mbele ya majirani kwamba mapunye nimeyaleta mimi kutoka Chato. Kwetu ziwani fangasi hula vidole vya miguu vya wavuvi, si vichwa vya watoto! Halafu nikaingia zizini. Yule ndama kipenzi wa mama yako, anayekumbatiwa na Mihayo kutwa, ana shingoni mabaka ya duara yale yale yaliyo kichwani kwa mtoto.

Nitalala kwa dada Paskazia. (Mstari huo nimeukata. Narudi jioni, hapa ni kwangu.)

Mwambie mama amuulize ndama wake alitoka Chato lini.

Mama Mihayo