Barua ya Kipketer

Jumamosi, 3 Agosti 1957

Nimeshuka Nakuru na lori la maziwa kwa darasa la Kiingereza. Leo Mwalimu Hezekiah ametufundisha maneno ya udanganyifu. Mengi ajabu! Liar, huyo ni mwongo wa kawaida. Cheat anakupunja kwenye mizani. Crook ni mwizi aliyevaa tai. Sly — anakuchekea huku anapanga yake. Mwalimu anasema lazima tuyajue, maana bwana akikuandika hivyo kwenye barua ya kazi, hupati kazi Nakuru yote, na kwa kuwa hujui kusoma, barua yenyewe unaizungusha ukijivuna. Eti uongo mdogo wa adabu Wazungu wanauita mweupe. Fundi mmoja wa reli akauliza mkubwa una rangi gani. Tulicheka mpaka Mwalimu akafuta ubao.

Nimerudi shambani Njoro na furaha yangu. Kumbe Jepkorir, yaya wa watoto wa Bwana, yule Mzungu mwenye shamba, amekaa mlangoni pa jikoni anakula keki. Keki ya Kipketer mpishi. Sly!

Jumanne, 6 Agosti

Bwana ameuza shamba, wiki ijayo anarudi Ulaya. Sisi wa maziwa tunabaki na bwana mpya. Wa nyumbani watafute kwingine. Kipketer amesikia hoteli moja mjini inataka mpishi. Akipata, atamwoa Jepkorir mwezi ujao. Ametangazia laini nzima ya nyumba za wafanyakazi, hata ng'ombe wanajua.

Miaka miwili nimemwandikia Jepkorir barua za kupeleka kwao. Krismasi nilimpa kioo na kitana. Yule amempa nini? Makombo ya Bwana. Naona wivu, tena mkali. Acha niandike hivyo hivyo, hapa hakuna anayesoma.

Ijumaa, 9 Agosti

Kipketer amekuja kwenye ofisi ya maziwa ninakofanya ukarani, aproni bado kiunoni. Hajui kusoma. Alitaka nimsomee barua ya kazi aliyoandikiwa na Bwana kabla ya kwenda nayo hotelini kesho.

Nikaisoma kimya. Honest, yaani mwaminifu. Msafi. Miaka tisa hakijapotea hata kijiko. Bwana anasema angemwajiri tena hata kesho.

Yeye anangoja, anatabasamu kama mtu aliyekwisha kuoa. Lile tabasamu ndilo lililoniudhi.

"Pole, ndugu yangu," nikasema. "Ameandika wewe ni liar. Tena cheat. Anasema sukari ilikuwa ikipungua." Nikamfafanulia neno moja moja, polepole, vizuri kuliko Mwalimu.

Hakubisha. Aliuliza tu, "Sukari?" Akakaa juu ya mkebe wa maziwa mtupu. Nikamshauri aichome, asimwonyeshe mtu. Akanishukuru.

Jumapili, 11 Agosti

Jana Kipketer hakwenda hotelini. Anasema atarudi kwao Nandi akachunge. Kumwuliza Bwana hataki, anaona haya.

Jepkorir hakuja kanisani. Nilimwekea nafasi kwenye benchi mpaka ibada ikaisha. Nilidhani nitafurahi. Nimefurahi kidogo asubuhi, basi.

Jumatatu, 12 Agosti

Bwana anaondoka leo saa kumi. Jepkorir amekuja sasa hivi, macho mekundu, Kipketer nyuma yake amevaa koti kwenye jua hili. Barua haikuchomwa — Jepkorir alimnyang'anya. Ameifunga kwenye leso.

"Karani, huyu hajaiba hata punje moja," akasema. "Mimi niko nyumba ile kila siku. Twende Bwana atuambie ni sukari gani."

Kipketer akamwomba waache tu. Hakumsikiliza.

Nikasema Bwana ana haraka. Nikasema barua za Wazungu hazijadiliwi. Nikasema wao wenyewe wanaweza kumwuliza kwa Kiswahili.

"Sisi atatufukuza kwa maneno mawili. Wewe unajua Kizungu. Utasimama mbele yake uisome kwa sauti, neno kwa neno, vile aliandika. Aone kama ataikana."

Halafu akanishika mkono. Miaka miwili, ni mara ya kwanza. Mkono wake una joto. "Hapa hatuna mtu mwingine, Karani."

Nimewaambia wangoje nje, navaa viatu. Bwana namwona kwa dirisha, yuko verandani na masanduku yake, hana haraka yoyote. Viatu nimevaa kitambo. Jepkorir anabisha mlango tena, anauliza nimekwama wapi, na Kipketer anamwambia asinisumbue, maana nimewasaidia sana.