Samli Niliyokutilia

Baba Athmani,

Mungu akupe nuru huko uliko. Eda yangu imekwisha, na jambo la kwanza nililo nalo kwako ni hasira. Nilitaka kuanza kwa maneno mazuri, nimeyatafuta, sikuyapata.

Uhuru umekuja. Likoni ilijaa ngoma, na yule mbuzi uliyeapa kumchinja siku hiyo amechinjwa na ndugu zako. Mimi nilikuwa ndani. Nikamsikia mamako akimwambia jirani, "Mwanangu alikuwa mzima, akaanguka ghafla. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu kalishwa kitu." Alilishwa na nani kama si mimi?

Nilikulisha, ndiyo. Mwanamke wa kwetu husifiwa kwa samli yake, nami sikuwa mchoyo. Asubuhi mayai na mikate iliyolowa samli, na wewe ukilamba vidole: "Mikono hii, Mama Athmani, isichoke."

Jioni ulinisimulia kazi yako kule maabara ya Changamwe, ulikolisha sungura wa daktari. Wote walipewa chakula kimoja, kilichochanganywa na kiini cha yai na mafuta. Wa kijivu damu yao ilibaki safi. Weupe damu yao ikawa nzito, nyeupe juu kama tui, na walipopasuliwa mishipa yao ilikuwa imeganda mafuta. Daktari aliyaita kolesteroli. Ulinifundisha kulitamka neno hilo, tukacheka. Nikakuuliza mbona hawa wafe na wale wapone, nawe ukasema, "Si chakula peke yake. Ni asili, wamezaliwa nayo. Mama akiwa hivyo, na wanawe huwa vivyo hivyo." Nikawahurumia sungura. Mjinga mimi.

Siku ya khitma yako alikuja Juma, mwenzako wa kazini, akasema nami akiwa nyuma ya pazia. Alilia kwanza. Kisha akanambia kwamba daktari alikutoa damu wewe mwenyewe, kwa kuwa ulimweleza jinsi babako na ami zako walivyoanguka ghafla, mmoja mmoja, kabla ya mvi. Mimi uliniambia babako aliteleza mnazini. Daktari akakwambia wewe ni kama wale weupe, nenda kamwambie mkeo aache samli na mayai. Juma naye akakuhimiza. Ukamjibu, "Sitaki mke wangu aogope sufuria yake."

Wallahi, hapo ulinifia mara ya pili. Ulijua. Ulikaa mkekani ukanitazama nikitia kijiko, ukasema ongeza. Mkono wangu mwenyewe, na hukuniuliza. Labda wewe uliona ni mapenzi. Mimi naona ni usaliti.

Na lau ungeihatarisha nafsi yako tu, pengine ningekusamehe. Lakini Athmani alikuwa akila sahani moja nawe. Eda ilipokwisha nilimchukua tukavuka kwa feri, tukaenda mpaka Changamwe, akatolewa damu. Hakulia. Juma ndiye aliyetuletea jibu: damu yake ni yako. Mtoto hajamaliza kung'oa meno ya utoto.

Sasa napika samaki wa kuchoma, na mchicha bila mafuta. Ananuna, anasema babake hakuwa akila hivi. Juzi niliingia jikoni nikalia, nimekukumbuka na nimekuchukia kwa pamoja. Upande wako wa kitanda bado sijaulalia.

Basi lala, Baba Athmani. Nitakuombea kila Ijumaa, maana nikingoja hasira iishe hutaombewa na mtu. Na ahadi yangu ni hii. Mwanao akibaleghe nitamweleza yote. Na siku tutakapokwenda kumposea, nitamwita yule binti pembeni kabla hajaitikia, nimwambie ni damu gani atakayoipikia. Akitukataa, atatukataa akijua. Mimi hukunipa hata hilo.

Mkeo,
Mwanaidi